Uzi: Sokwe wa Gombe na mkoko wa Msimbati, nani kati yao ni mzazi kweli?

Dau la Msimbati (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Mtwara, kapewa zoezi la baiolojia: linganisha mnyama yeyote wa jamii ya sokwe na mmea wowote wa ardhi oevu. Kachagua sokwe na mkoko. Jibu lake ni jedwali: huyu anatembea, ule umesimama, huyu anakula matunda, ule unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huyu ana damu, ule una utomvu. Kila mstari ni sahihi, na ukimaliza kulisoma hujui jambo lolote jipya, si la sokwe wala la mkoko. Angeweka ng'ombe na mgomba, majibu yangekuwa yale yale.

Mimi ni mzaliwa wa Msimbati, huku pwani ya Mtwara, mikoko nimeikwea tangu utoto. Halafu nimekaa Kigoma miaka kadhaa nikitengeneza mashine za boti, na hifadhi ya sokwe ya Gombe nimefika. Kwa hiyo wote wawili nawajua kwa macho. Nadai hivi: hawa wanalinganishika vizuri sana ukiuliza swali moja tu. Mtoto anaanzaje maisha mahali ambapo asiye tayari hafiki kesho?

Tuanze na mkoko wenyewe, ule ambao mizizi yake inatokea juu kwenye shina ikashuka matopeni pande zote. Miti mingi ya bara inamwaga mbegu kavu. Mbegu inalala, ikipata mvua inaota. Matopeni hapalaliki. Maji ya chumvi yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tope lenyewe halina hewa. Basi mkoko haungoji. Mbegu inaota ikiwa ndani ya tunda, na tunda bado liko tawini. Mtoto anachomoza, anarefuka, anakuwa kijiti cha kijani kinachoning'inia kwa mama miezi mingi kikipokea maji na chakula kutoka kwake. Aina hii ya kwetu kijiti kinaweza kufika nusu mita na kuzidi kabla hakijaachia. Kikidondoka maji yamekupwa, kinaweza kuchoma tope na kusimama palepale. Kikidondoka maji yamejaa, kinaelea, na kinaweza kukaa baharini kwa wiki kadhaa kikiwa hai mpaka kipate pa kushika. Kinachoachia pale tawini si mbegu tena, ni mche.

Sasa sokwe. Mimba inachukua miezi 8 hivi, mtoto ni mmoja, mapacha ni nadra. Anazaliwa hajiwezi kabisa. Anang'ang'ania manyoya ya tumbo la mama, akipata nguvu anahamia mgongoni, ananyonya mpaka miaka 4 au 5. Hata akiacha ziwa haendi popote. Anafuatana na mama mpaka miaka 8, pengine 10. Jike anazaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 au 14, na baada ya hapo ni mtoto mmoja kila miaka 5 au 6. Piga hesabu mwenyewe uone jike mmoja anakuza watoto wangapi mpaka anazeeka.

Pale Gombe kulikuwa na jike aliyeitwa Flo, mmoja wa sokwe ambao mtafiti Jane Goodall aliwazoea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Flo alikufa 1972. Mwanawe wa kiume, Flint, alikuwa na miaka 8 hivi, umri ambao alikuwa anajua kula, kupanda na kukimbia. Alijitenga, akaacha kula sawasawa, na wiki chache baadaye naye akafa. Sasa nendeni mkate mkoko mama siku moja baada ya kijiti kudondoka. Kijiti hakina habari.

Kwa hiyo mkoko unamaliza malezi kabla ya kumwachia mtoto. Sokwe ndiyo kwanza anayaanza. Nawasilisha, karibuni mnipinge.

Korosho Ghafi

Mleta uzi, minada ya korosho hatujamaliza kuijadili umetuletea ndoa ya sokwe na mti. Sawa, nimeshatandika mkeka. Waje wajuzi.

Mwalimu wa Nyangao

Mada nzuri. Mimi nafundisha somo hilohilo, nami jedwali la aina hiyo nalipa alama zake, maana mtihani ndivyo unavyotaka. Lakini umegusa jambo ambalo vitabu vyetu vinalipita haraka: kulinganisha ni kazi ya kutafuta swali kwanza.

Niongeze lililo ndani ya chembe hai, yaani seli. Sokwe na mkoko wote wana chembe zenye kiini, wote wana mitokondria, yaani vijiwanda vya nguvu vya ndani ya chembe, wote wanasoma DNA kwa lugha moja ya herufi nne. Mitokondria ya sokwe na ya mkoko ina asili moja, bakteria aliyemezwa na chembe nyingine zamani mno, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mkoko ukaongeza kloroplasti, vile vya kutengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na ukuta wa chembe. Huo ukuta ndio unaoamua mengi: chembe iliyozungukwa na ukuta mgumu haiwezi kuwa msuli. Kwa hiyo "huyu anatembea, ule umesimama" ni matokeo; sababu iko huku chini, na mwanafunzi akiandika sababu nitampa alama zaidi.

Na kuna kisa kimoja napenda kuwapa wanafunzi wangu. Mwaka 2005, ndani ya wiki chache, jarida moja la kisayansi, Nature, lilichapisha ramani ya DNA ya mpunga mwezi Agosti na ya sokwe mwezi Septemba. Mpunga ni mmea wa ardhi oevu, hakuna mkulima wa Kitere atakayenibishia. Watu walitegemea sokwe, mwenye ubongo na mikono, awe na jeni nyingi kuliko jani la bondeni. Mpunga ulikadiriwa kuwa na jeni zaidi ya 37,000. Sokwe, kama sisi, yuko kwenye 20,000 hivi. Na DNA yote ya mpunga kwa urefu ni herufi chini ya milioni 400, wakati ya sokwe ni kama bilioni 3.

Mmea hauwezi kukimbia. Ukishambuliwa na wadudu, ukikauka, ukizama, lazima ujitengenezee dawa na kinga hapohapo uliposimama. Hiyo ni sehemu ya maelezo. Sehemu nyingine ni kwamba mimea ina desturi ya kurudufu DNA yake na kubaki na nakala. Lakini anayedhani wingi wa jeni ndio ukubwa wa kiumbe, mpunga umemjibu.

Babu wa Mnazi Mmoja

Mwalimu, na wewe mwenye dau, mimi mtu mzima nawasoma tu. Mambo ya mikoko nayakubali yote. Ila mkishaanza sokwe na sisi, sokwe na sisi, najua mnakoelekea. Mimi sikutoka kwa sokwe, na baba yangu hakutoka huko.

Mwalimu wa Nyangao

Shikamoo babu. Hata wataalamu hawasemi kwamba wewe ulitoka kwa sokwe. Wanachosema ni kwamba sokwe na binadamu wana mzazi mmoja wa zamani, miaka milioni 6 au 7 nyuma, na kila mmoja akashika njia yake. Ramani ile ya 2005 ilipolinganishwa herufi kwa herufi na ya binadamu, tofauti ilikuwa kama asilimia 1.2, ambayo kwa idadi ni herufi milioni 35. Imani yako siigusi babu, nakupa hesabu tu.

Babu wa Mnazi Mmoja

Marahaba mwanangu. Milioni 35 si kidogo. Nimeridhika na hiyo tofauti, endeleeni.

Binti Kivinje

Mleta uzi, nimesoma kwa makini, na hoja yako nzuri ila umeipendelea upande mmoja. Mimi nimekulia Kilwa Kivinje, nyuma ya nyumba yetu ni mikoko. Unasema mkoko ni mzazi. Mzazi gani anayeachia vijiti chungu nzima msimu mmoja na wengi wao wanaliwa na kaa kabla ya bamvua inayofuata, yale maji makubwa ya mwezi? Kaa wanavivuta mashimoni, vingine maji yanavitupa mchangani vinakauka, vingine vinasimama pahala pa kivuli cha mama vinadumaa. Hiyo si malezi, ni bahati nasibu yenye tiketi nyingi. Sokwe ana tiketi moja kila miaka mitano. Ukiwaweka kundi moja la "wazazi" unamwonea sokwe.

Pili, umesema mkoko kana kwamba mikoko yote ni hivyo. Siyo. Huo wako wa mizizi ya juu, mkandaa na msinzi ndiyo inayozaa kijiti tawini namna hiyo. Mchu uko katikati: mtoto anaota ndani lakini hatoboi tunda, likidondoka majini ganda linabanduka upesi, naye tayari ana majani mawili manene yamekunjwa. Mlilana unatoa tunda lenye vimbegu vingi vidogo, kazi kwisha. Mkomafi una lile tufe kubwa linapasuka linamwaga mbegu ngumu zenye pembe. Yote imesimama tope moja, inakunywa chumvi moja, kila mmoja na jibu lake. Kwa hiyo usituambie mazingira magumu ndiyo yaliyolazimisha malezi.

Hata chumvi hawaishughulikii sawa. Mkoko unaizuia mlangoni, mizizi inachuja maji na kuacha chumvi nyingi nje. Mchu unaipokea kisha unaitoa kwa majani. Lamba jani la mchu wakati wa jua kali, utanielewa.

Dau la Msimbati

Binti Kivinje, hapo ndipo nilipotaka tufike. Hilo la mlilana na mkomafi ni kweli tupu na linanisaidia: kama tope moja lina majibu manne, basi kumzaa mtoto akiwa mche ni njia mojawapo iliyofaulu, si amri ya tope. Na sokwe vilevile. Msitu wa Gombe una nyani, una kima, una sokwe, wote wanakula matunda ya miti ileile. Nyani jike anazaa upya baada ya miaka 2 hivi. Sokwe kachagua 5. Kwa nini?

Naona jibu liko kwenye kile anachorithishwa mtoto. Kijiti cha mkoko kinarithishwa wanga: chakula kilichojazwa ndani yake cha kukifikisha mahali. Sokwe mdogo anarithishwa akili za mama, na akili haijazwi kwa miezi 8. Mwaka 1960 Goodall alimwona dume aliyempa jina David Greybeard akichomeka majani membamba kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Mambo yale mtoto anayapata kwa kukaa karibu na mama na kutazama, mwaka hadi mwaka. Na si kila jamii ya sokwe ina desturi zilezile. Ukienda Mahale, kusini zaidi kwenye Ziwa Tanganyika lilelile, kule ambako mtafiti Mjapani Nishida Toshisada alianza kazi 1965, wakati wa kuchambuana manyoya wawili wanashikana mkono mmoja juu hewani kila mtu anachambua kwa mkono uliobaki. Gombe hawana hiyo. Mti hauna desturi ya kijiji.

Kuhusu tiketi: nakubaliana, mkoko unacheza wingi. Lakini linganisha na mlilana na vimbegu vyake. Kila tiketi ya mkoko ni ghali zaidi. Huo ndio uzazi ninaousema, kiasi cha mali mama anachotia kwa kila mtoto.

Dada wa Sudi

Hapo kwenye kuvua mchwa nawaongezea, maana niliwahi kusoma. Gombe waliwafuatilia watoto wakiwa na mama zao kwenye vichuguu. Wa kike wanaketi wanatazama mkono wa mama, wanajua kuvua karibu miaka 2 kabla ya kaka zao. Wa kiume muda ule ule wako pembeni wanapinduana na kubembea. Sitaki kusema neno, kila mwenye watoto nyumbani anajionea.

Korosho Ghafi

Dada wa Sudi tumekusikia, na sisi tuliokuwa tunabembea tumenyamaza.

Mchota Chumvi

Mie sina elimu ya hayo ila nafanya kazi mashamba ya chumvi huku upande wa Lindi miaka mingi. Naomba kuuliza kitu kinachonikera. Sokwe analindwa na hifadhi nzima, askari, wazungu wanalipa fedha kumtazama. Mkoko unaolinda nyumba zetu unakatwa fito na boriti, unachomwa mkaa, unang'olewa tupate pa kugandishia chumvi, na sijaona mtalii anayelipa autazame. Sasa katika kulinganisha kwenu, nani wa maana zaidi?

Mwalimu wa Nyangao

Mchota Chumvi, kwenye karatasi mkoko haujaachwa. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi tangu zama za Mjerumani, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Huko kwa mleta uzi kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ya mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba 650. Gombe nzima haifiki hata kilomita za mraba 100, ikapata hadhi ya hifadhi ya taifa 1968. Kwa eneo hifadhi hiyo inaizidi Gombe, ingawa si yote mikoko. Kwa macho ya watu, hapana.

Na katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, sokwe yuko kwenye walio hatarini kutoweka. Mkoko huu wa mizizi ya juu uko kwenye kundi lisilo na wasiwasi mkubwa, kwa sababu umeenea kutoka huku Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki. Lakini hiyo ni hesabu ya aina nzima duniani. Haimwambii kitu mtu wa Lindi ambaye mikoko ya mbele ya kijiji chake imeisha. Aina haitoweki, kijiji ndicho kinachobaki wazi.

Babu wa Mnazi Mmoja

Kubaki wazi nakujua. Mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi, sisi tuliokuwa wadogo tulisimuliwa na wakubwa mpaka tukadhani tulikiona. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kikaja, watu wa Mtwara wakaambiwa wahame mabondeni, kikapita ng'ambo ya Ruvuma kikawaangukia ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Halafu Hidaya, Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga tukakaa hatuna gari linalopita. Sokwe wa Kigoma ni kiumbe wa Mungu na alindwe. Ila siku hiyo hakuna sokwe anayekuja kunisaidia.

Dau la Msimbati

Babu, shikamoo. Ni kweli, ila tusiupe mkoko sifa isiyo yake. Upepo wa kimbunga hauzuii. Barabara ya Somanga ilikatwa na maji ya mito yaliyotoka bara, na mkoko haufanyi kitu hapo. Unachofanya ni kuvunja nguvu ya mawimbi na kushika tope lisiondoke, mwaka mzima, hata siku ambazo hakuna kimbunga. Na chini ya mizizi kuna kamba, kaa na vifaranga vya samaki tunaowavua baadaye nje. Na hewa ya ukaa, tope lile linafukia nyingi kwa eneo kuliko misitu mingi ya nchi kavu.

Sasa nirudi kwa Mchota Chumvi, "nani wa maana". Hilo swali silipendi, kwa sababu fedha ya sokwe haichukuliwi kwenye mfuko wa mkoko. Lakini lina upande mmoja wa manufaa: nani ni rahisi kumrudisha akishaondoka? Watu watasema mkoko, unaupanda tu, sokwe hapandiki. Kumbe sokwe aliwahi "kupandwa" hapahapa Tanzania. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, kutoka mabanda ya Ulaya, kwa mpango wa shirika la wanyama la Frankfurt. Walifunguliwa milango wakaingia msituni. Hawakufundishwa lolote kwanza. Wakaishi, wakazaa, na kizazi chao kipo hadi leo. Ukiniuliza kabla sijalijua hili ningesema wote watakufa mwaka wa kwanza.

Binti Kivinje

Na mikoko iliyopandwa ikafa, hilo mbona hulisemi? Nimeona shughuli moja ya upandaji, sitataja ya nani. Watu wamevaa fulana mpya, wamepewa vijiti, wamepanda mistari iliyonyooka kwenye tope tupu mbele kabisa, upande wa bahari, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na nafasi na picha zinatoka vizuri. Sasa jiulize kwa nini pale palikuwa tupu miaka yote. Pako chini mno, maji hayatoki muda wa kutosha, mche unazama, chaza wadogo wanaushika unaelemewa. Mwaka uliofuata hapakuwa na kitu. Mpandaji hakuuliza kila mmoja anakaa wapi: mlilana ndiyo unaovumilia mbele, mkoko unafuata, mkandaa nyuma palipoinuka, na mchu unaota mbele na nyuma.

Kwa hiyo Rubondo sokwe waliwekwa kwenye msitu unaowafaa, wakaishi. Mkoko ukawekwa pasipoufaa, ukafa. Hapo ulinganifu wako naukubali kwa asilimia zote: makazi kwanza, mtoto baadaye.

Mtumbwi Mbovu

Swali la kipuuzi kidogo. Kuna mahali popote duniani hawa wawili wanaonana ana kwa ana? Maana Kigoma hakuna mkoko na Mtwara hakuna sokwe. Hapa mwisho wetu ni nyani, ngedere na komba.

Mwalimu wa Nyangao

Si la kipuuzi. Wapo. Nenda Guinea-Bissau, pwani ya Afrika Magharibi, hifadhi ya Cantanhez. Pale msitu, mbuga na mikoko vimechanganyika na mashamba ya watu, na sokwe wanaishi humo humo. Na ndugu wa sokwe wa Asia, orangutan wa Borneo, naye yumo kwenye misitu inayofika hadi mikokoni. Kwa hiyo huyo mwanafunzi angechagua Guinea-Bissau angepata mfano wa wawili wanaoishi pamoja, badala ya kuwakutanisha kwenye karatasi.

Mtumbwi Mbovu

Kumbe. Sisi Lindi tulikuwa na mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, ya Tendaguru, Wajerumani wakaibeba kati ya 1909 na 1913, sasa imesimama Berlin. Sokwe tungepewa angalau wawili wa fidia.

Korosho Ghafi

Wawili? Leta jike lenye mtoto, usubiri miaka mitano upate wa pili. Serikali tatu zitakuwa zimepita.

Mchota Chumvi

Nimewasoma wote, ahsanteni. Binti Kivinje naomba unijibu kwa vitendo. Kuna shamba la chumvi limeachwa karibu na ninapofanya kazi, karibu na mto. Matuta bado yapo, ndani pamekauka pamepasuka, chumvi nyeupe juu. Zamani palikuwa mikoko, wazee wanasema mikandaa mingi, watu walikuwa wanachukua magome. Nikitaka pawe mikoko tena nipande ipi?

Binti Kivinje

Usipande kwanza. Tatizo la pale ni tuta. Mbegu utazipata baadaye. Maji ya bamvua hayaingii, na yale machache yanayoingia yanakaa yanakauka chumvi inazidi. Ardhi ya namna hiyo hata mchu, unaovumilia chumvi kuliko wote, unashindwa. Toboeni tuta mahali ambapo mkondo wa zamani ulikuwa unapita. Ukitazama kwa makini wakati wa mvua utauona, maji yanajua njia yake ya zamani. Yakishaanza kuingia na kutoka kila siku, chumvi itaoshwa, na kama kuna mikoko hai jirani, vijiti vitajileta vyenyewe na maji. Mara nyingi mchu unatangulia. Mikandaa itakuja baadaye pale juu.

Kama baada ya misimu miwili hakuna kilichokuja, hapo ndipo uokote vijiti. Usikwanyue tawini vya kijani kibichi. Angalia pale kijiti kinapoungana na tunda, kuna shingo. Kwa mkoko na mkandaa ikiwa njano, ameshakomaa, ukigusa anaachia mwenyewe. Ikiwa bado kijani, mwache na mama yake.

Dau la Msimbati

Hilo la shingo ya njano mpwa wangu ataliandika, sijaliona kwenye kitabu chake. Mchota Chumvi, kabla hujagusa tuta pita kwanza ofisi ya kijiji na kwa watu wa misitu wa wilaya. Ukitoboa tuta bila karatasi, hata kama unarudisha mikoko, mwenye eneo atakuita mharibifu na atakuwa na haki.

Mchota Chumvi

Mwenye eneo yupo Dar, leseni ni yake ingawa hajavuna muda mrefu. Upande wa mto kuna mlango wa mbao wa kuingizia maji, umeoza nusu. Nitampigia nimwombe niufungue huo badala ya kutoboa tuta. Binti, mlango wa upana wa mikono miwili unatosha?

Binti Kivinje

Kwa shamba dogo unatosha kuanzia, mradi sakafu ya mlango iwe chini sawa na mkondo wa nje. Ikiwa juu, maji yataingia bamvua tu na hayatatoka, utakuwa umetengeneza bwawa. Pima maji yamekupwa, siyo yamejaa.